Umeme wa Ziada wa Mashine ya Kuchomelea: Tuutumie kwa Uangalifu

Mazungumzo haya tuliyatoa sisi mafundi wa karakana ya kijiji mbele ya wahitimu wa kisomo, chini ya mwembe wa shule. Tumeyaandika hapa ili na wenzetu ambao hawakuwepo wayasome.

 

Tumeombwa tuzungumze habari za ile mashine yetu ya kuchomelea chuma. Wengi wenu mnaijua. Ndiyo inayounga plau zikivunjika, ndiyo inayotengeneza milango, madirisha na matela ya kukokotwa na ng'ombe. Mnaijua pia kwa kazi nyingine. Pakiwa na harusi, msiba au mkutano wa usiku, mtu hutujia akasema: "Mafundi, hebu leteni mashine yenu itupe taa." Nasi huipeleka.

Leo hatukuja kuisifu. Tumekuja kusema kosa letu, ili nyinyi msilirudie.

YALIYOTUPATA

Ilikuwa usiku wa harusi, wakati wa masika. Mvua ilianza kunyesha saa mbili. Tukaona mashine italowa. Basi tukaisukuma ndani ya ghala lililo ubavuni mwa nyumba ya harusi, tukaurudisha mlango. Kijana wetu mwanagenzi tukamwambia: "Kaa humo uilinde." Sisi tukaenda kula pilau.

Baada ya muda kijana akatoka kidogo, akasema kichwa kinamuuma na tumbo linamchafuka. Mmoja wetu akamjibu: "Hiyo ni malaria, kesho nenda zahanati." Akarudi ndani. Tulipokwenda kuongeza petroli tulimkuta amelala chini, haitiki. Tulimbeba mbiombio mpaka nje, mvuani. Tunamshukuru Mungu, alipata fahamu, akafikishwa hospitali, akapona.

Kijana hakuwa na malaria. Alikuwa amevuta moshi wa injini. Jamani, aliyemweka mle ndani ni nani? Ni sisi. Na kibaya zaidi, kitabu cha mashine kilichoeleza habari hiyo tulikuwa nacho. Tulikikunja tukakiweka chini ya mguu wa meza ya karakana ili meza isiyumbe! Watu waliojifunza kusoma, halafu kitabu wanakifanya kigingi.

Tangu siku ile tulikitoa, tukakisoma, na pale tuliposhindwa tulimwomba mwalimu atufafanulie. Tunayowaambia leo ndiyo tuliyojifunza.

MASHINE HII NI NINI?

Mashine hii ina injini ya petroli. Nyingine hutumia dizeli. Injini huzungusha jenereta, na jenereta hutoa umeme wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni umeme wa kuchomelea. Huo hutoka kwenye vichwa viwili vinene, ambako hufungwa nyaya nene za holda na klempu. Umeme huo una volti chache lakini una ampea nyingi. Usithubutu kufunga taa wala chaja ya simu hapo.

Namna ya pili hutoka kwenye soketi. Huu ndio tunaouita umeme wa ziada. Umewekwa ili fundi aweze kuwasha taa, grainda au keekee ya umeme akiwa mahali pasipo na nguzo.

Sasa angalieni. Neno "ziada" linawadanganya watu. Wanadhani ni umeme mdogo, wa kuchezea. Sivyo. Kwenye soketi ile mna volti 230, sawasawa na umeme unaoletwa nyumbani na nguzo. Balbu ya zamani ya wati 100 hula karibu nusu ya ampea moja tu. Basi robo ya umeme huo ukipita kifuani mwa mtu waweza kuusimamisha moyo wake. Hilo ndilo jambo letu kubwa leo: umeme wa ziada ni umeme kamili. Tuuheshimu hivyo.

SOMA KIBAO KABLA YA KUCHOMEKA

Kila mashine ina kibao cha bati chenye herufi na tarakimu. Sisi tuliohitimu kisomo hatuna sababu ya kupita tu bila kukisoma. Herufi zenyewe ni chache. V ni volti, yaani nguvu inayosukuma umeme. A ni ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. W ni wati, yaani kazi inayofanyika kwa kila sekunde. Hz ni hezi, yaani mara ngapi umeme hugeuka kwa sekunde moja. Hapa kwetu vyombo vingi vimetengenezwa kwa volti 230 na hezi 50.

Mashine zilizokwisha kutumika huweza kutoka nchi za mbali. Kwa mfano, Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120 na hezi 60. Mashine ya huko ina soketi za volti 120, na pengine soketi moja ya volti 240. Chombo chetu cha volti 230 hakiwezi kufanya kazi vizuri kwenye volti 120. Na kwenye hezi 60 mota huzunguka haraka kuliko ilivyopangiwa, pampu ikaelemewa. Mashine nyingine za zamani hutoa umeme wa DC kwenye soketi, ambao huunguza transfoma na mota nyingi. Kwa hiyo kabla ya kununua, soma kibao. Usiulize bei tu.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Chukueni kalamu. Tuseme kibao kinasema umeme wa ziada ni wati 4,000. Kwenye sherehe tunataka kuwasha vitu hivi:

Taa 10 za wati 10: wati 100.
Kipaza sauti: wati 500.
Friji la soda: wati 200.
Pampu ya maji: wati 750.

Jumla ni wati 1,550. Mtu atasema, "Aa, inatosha, hata nusu hatujafika." Lakini mota, kama ya pampu au friji, ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi, mara 3 mpaka mara 6 ya kawaida yake. Sisi tukadirie mara 5. Pampu ya wati 750 mara 5 ni wati 3,750. Ukiiwasha wakati vile vingine vyote vinafanya kazi, wati 3,750 na wati 800 ni wati 4,550. Mashine imezidiwa.

Dawa yake ni rahisi. Washa pampu kwanza, peke yake. Ikishatulia, washa friji. Kisha washa kipaza sauti, na mwisho taa. Mota kubwa itangulie, vidogo vifuate.

Jambo jingine: kuchomelea na kuwasha vyombo hugawana injini moja. Ukichomelea kwa ampea nyingi, umeme wa ziada hupungua sana, na pengine hausalii kitu cha maana. Ng'ombe wale wale hawawezi kulima na kuvuta mkokoteni kwa wakati mmoja. Kwa hiyo chanjo za zahanati zikiwa kwenye friji inayotegemea mashine hii, msituambie, "Mafundi, ungeni na geti hapo hapo."

Tena kuna swichi ya mwendo. Mashine nyingi zina mwendo wa polepole wa kupumzisha injini. Mwendo ukishuka, volti na hezi hushuka pia. Taa hufifia, mota hupata moto. Ukitumia umeme wa ziada, weka swichi kwenye mwendo wa kasi, uache injini itulie, ndipo uchomeke vyombo. Na kabla ya kuzima injini, vitoe vyombo vyote kwanza.

Breka au fyuzi ikikata umeme, inakuambia umezidisha mzigo au kuna hitilafu. Usiifunge kwa kamba isikate. Usiweke kipande cha waya au msumari mahali pa fyuzi. Hiyo ni sawa na kumziba mdomo mbwa anayebweka kwa sababu kaona mwizi.

MOSHI HUUA KIMYAKIMYA

Moshi wa injini una gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta huingia kwenye damu, ikachukua nafasi ya hewa safi. Kwanza kichwa huuma, halafu kizunguzungu na kichefuchefu, mwili hulegea, mtu husinzia, na mwisho hufa. Wengine hufa wakiwa usingizini bila kujua.

Kwa hiyo mashine isiwashwe ndani ya nyumba, ghala, jiko wala barazani. Msituambie, "Tumefungua dirisha." Dirisha halitoshi. Iweke nje, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha. Hizo ni kama hatua 8 za mtu mzima. Bomba la moshi lielekee kusiko na watu, upande upepo unakokwenda.

Na mvua je? Jengeni kibanda cha bati kisicho na kuta, kirefu kwenda juu, sakafu yake ikiwa imeinuka maji yasipite. Msitumie makuti wala nyasi, maana bomba la moshi hupata moto sana. Kama kibanda hakuna na mvua inanyesha, zimeni mashine. Harusi inaweza kuendelea kwa tochi. Maiti haisherehekei.

WAYA NA MAJI

Kagua waya kabla ya kazi. Waya uliochunika usifungwe kwa mfuko wa nailoni. Ukatwe, ufungwe na fundi, au utupwe. Usichomeke nyaya tupu kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti, kama tunavyoona kwenye sherehe nyingi. Tumia plagi.

Waya mrefu na mwembamba hula umeme njiani. Kwa mfano, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 50, ukibeba ampea 13 hupoteza zaidi ya volti 18. Ule wa milimita za mraba 2.5 hupoteza kama volti 12. Kwa safari ndefu nunua waya mnene. Na ukiwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote. Waya uliokunjwa hushika joto, ukayeyuka.

Plagi yenye meno matatu ina kazi yake. Jino la tatu ni la ethi. Kama umeme umevuja ukagusa bodi ya chombo, waya wa ethi huuchukua, na breka hukata. Ukilikata jino hilo, umeme utapita kwako. Vyombo vingine vina nyaya mbili tu, lakini vina alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Hivyo vimekingwa mara mbili, navyo ni salama kwa namna hiyo. Tafuteni alama hiyo kwenye kibao chake.

Kuna pia breka maalumu ya kuokoa maisha. Hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipotea mdogo tu, miliampea 30, yaani sehemu 30 za ampea iliyogawanywa mara 1,000, hukata mara moja. Ni vizuri kila soketi ya kazi za nje iwe nayo. Lakini ili ifanye kazi, jenereta iwe imefungwa nyaya zake inavyotakiwa. Fundi wa umeme aikague.

Usishike plagi kwa mikono yenye maji. Usisimame pekupeku kwenye tope ukishika grainda. Viatu vya mpira vikavu ni rafiki yako.

KLEMPU MBAYA HUUNGUZA ETHI

Mashine hii ina hatari moja ambayo jenereta ya kawaida haina. Tunapochomelea, umeme hutoka kwenye holda, hupita kwenye chuma, kisha hurudi kwa klempu. Huo huweza kuwa ampea 100 au zaidi. Klempu ikiumwa juu ya kutu au rangi, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi. Sasa pengine grainda yenye bodi ya chuma imelazwa juu ya chuma hicho, nayo imechomekwa kwenye soketi ya mashine ile ile. Umeme wa kuchomelea unaweza kupitia waya mwembamba wa ethi wa grainda. Waya huo ukaungua ndani kwa ndani, usionekane. Kesho mwingine anaishika grainda akidhani ina ethi, kumbe haina.

Basi kwarua chuma mpaka king'ae, kisha uma klempu karibu na mahali unapochomelea. Na vyombo vya umeme visilazwe juu ya kazi.

USIINGIZE UMEME NYUMBANI KWA MLANGO WA NYUMA

Nguzo za TANESCO zimefika vijiji vingi, lakini umeme huweza kukatika. Wapo watu ambao umeme ukikatika huchukua waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja huchomeka kwenye mashine, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima ikawaka. Wanajiona wajanja.

Ndugu zetu, huko ni kuua. Kwanza, meno ya plagi ile ya pili yana umeme wazi. Mtoto akiyagusa, basi. Pili, umeme huo haubaki nyumbani. Hutoka kwa nyuma kupitia mita, ukaenda mpaka kwenye transfoma. Transfoma inayopunguza umeme wa njia kubwa kuwa volti 230, ikiendeshwa kinyume huupandisha, ukawa volti 11,000 au 33,000. Na pale juu ya nguzo yuko mtu anatengeneza laini, akijua imezimwa. Ni baba wa watu, ana watoto wanaomngoja. Unamwua kwa sababu unataka kutazama televisheni.

Tatu, umeme wa TANESCO ukirudi ghafula, utakutana na wa mashine yako, na mashine itaungua.

Njia ya haki ni swichi ya kugeuzia. Ikiwa upande mmoja, nyumba inapata umeme wa nguzo. Ikiwa upande wa pili, inapata wa jenereta. Haiwezi kuwa pande zote mbili kwa pamoja. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, pamoja na ethi ya nyumba. Kama swichi hiyo huna, chomeka chombo chako moja kwa moja kwenye soketi ya mashine, na nyumba uiache.

PETROLI

Usiongeze petroli injini ikiwa inafanya kazi au ina moto. Zima, ngoja ipoe, ndipo umimine. Usimulike kwa kibatari wala kiberiti, tumia tochi. Dumu la petroli likae mbali na kazi ya kuchomelea, maana cheche huweza kuruka mita 10 na zaidi.

MTU AKISHIKWA NA UMEME

Usimguse! Zima mashine kwanza. Kama huwezi kuifikia haraka, chomoa plagi, au msukume waya kwa mti mkavu huku umesimama pakavu. Kama hapumui, mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kiasi cha sentimita 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, mpaka msaada ufike. Hata akiamka na kusema "sijambo", apelekwe hospitali.

Aliyezidiwa na moshi mtoeni kwenye hewa safi upesi, na nyinyi msikawie mle ndani. Yeye pia apelekwe hospitali, na mwelezeni mganga kwamba alikuwa karibu na injini. Msiseme ni malaria.

MWISHO

Watu husema ajali haina kinga. Sisi tunasema ajali nyingi za mashine hii zina kinga, na kinga yenyewe imeandikwa. Imeandikwa kwenye kibao na ndani ya kitabu. Zamani tungeweza kusema hatujui kusoma. Leo hatuwezi.

Yule kijana wetu bado tunaye. Siku hizi ndiye anayepima hatua 8 kutoka mlangoni kabla ya mashine kuwashwa, nasi wakubwa wake tunangoja mpaka atuambie, "Haya, washeni." Kitabu tumekifunga kwa kamba ukutani mwa karakana. Mguu wa meza tumeuwekea jiwe.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kufungua dirisha hakutoshi mashine ikiwa ndani?
2. Mashine ina wati 3,000. Pampu ni ya wati 500, taa zote ni wati 100, kipaza sauti ni wati 600. Utaanza kuwasha nini, na kwa nini?
3. Katika kijiji chenu, nani hutumia waya wenye plagi pande mbili? Mtamwelezaje bila kugombana naye?
4. Kitabu cha mashine yenu kiko wapi leo?